Maswali ya Wasomaji: Wakristo wa Karne za Mwanzo Walikuaje Kiroho?

Maswali ya toleo hili yote yanahusu kanisa la mwanzo: walisali vipi, walifunga vipi, walimpimaje mhubiri, na Mkristo wa leo achukue nini kwao. Tumeyafupisha. Majibu yametegemea Agano Jipya na maandishi ya Wakristo wa wakati ule, hasa Didake, mwongozo mfupi wa kanisa wa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Yustino Mfiadini, aliyeandika Roma miaka ya 150. Na Tertuliano wa Karthago, aliyeanza kuandika mwishoni mwa karne hiyo ya 2.

Bwana Yesu asifiwe. Maombi yangu ni ya msimu. Nikitoka semina nasali saa nzima kila alfajiri, wiki ya pili napunguza, wiki ya tatu nimeacha kabisa. Matendo 2:42 inasema waumini wa kwanza walidumu katika kusali. Walidumuje?

Amina, mpendwa. Walidumu kwa sababu sala yao ilikuwa na saa yake, ilikuwa fupi, na ilikuwa na maneno waliyoyajua kwa moyo. Didake sura ya 8 inaandika Baba Yetu nzima, kisha inaagiza: salini hivi mara tatu kwa siku. Haiongezi kitu. Matendo ya Mitume nayo inataja saa: Roho alishuka wakiwa wamekusanyika, na Petro akasema ni saa tatu tu ya mchana (2:15), Petro huyohuyo alipanda darini kusali saa sita (10:9), yeye na Yohana walikwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa (3:1). Ni saa zilezile tunazohesabu katika Kiswahili tangu jua lichomoze. Tertuliano anasema saa hizo tatu ndizo zilizogawa siku ya watu wote, Wakristo na wasio Wakristo. Kwa hiyo mwumini hakulazimika kujitungia ratiba mpya. Alishika vituo ambavyo siku ilikuwa navyo tayari, akaongeza sala ya asubuhi na ya jioni.

Fanya hivyohivyo. Kwa wiki nne za kwanza chukua nyakati tatu, dakika tano kila wakati, na kila wakati uufunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukosa: kuamka, mapumziko ya mchana, kufunga kazi. Dakika ya kwanza nyamaza, simu ikiwa mbali na mkono. Kisha sema Baba Yetu polepole, ukisimama kidogo baada ya kila ombi. Yako saba katika Mathayo 6. Kwenye "utupe leo riziki yetu" taja haja ya leo, si ya mwaka mzima. Kwenye "utusamehe deni zetu" taja mtu mmoja kwa jina, yule unayemdai moyoni. Malizia kwa zaburi moja fupi, ileile wiki nzima, mpaka uijue bila kitabu.

Wengi wanaharibu mambo kwa kulipa deni. Amekosa sala ya mchana, jioni anataka kusali mara mbili. Amekosa siku mbili, anaona ratiba imevunjika, anaacha. Sala iliyokosekana isilipwe. Ingia kwenye inayofuata kama kawaida. Kosa jingine ni kurefusha mapema. Wiki ya kwanza ina moto, dakika tano zinakuwa arobaini, halafu siku ukiwa mgonjwa au umechoka huna kiwango kidogo cha kurudia. Bakia kwenye tano hata kama unatamani zaidi; hiyo hamu ipeleke Jumapili.

Wapo watakaokuambia kwamba maneno ya kukariri ni kupayuka-payuka. Lakini Yesu alikataza kupayuka-payuka katika Mathayo 6:7, na aya mbili baadaye akawapa wanafunzi Baba Yetu. Alichokataza ni kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie.

Nilifunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Siku ya pili nilikuwa nagombana na kila mtu nyumbani, siku ya nne nimerudi nilivyokuwa. Nakosea wapi?

Kaka, kwanza kuhusu maji: usirudie. Siku tatu bila maji zinaweza kuumiza figo na hata kuua, hasa kwenye joto au ukiwa unafanya kazi ya nguvu. Katika mifungo yao ya kila wiki kanisa la mwanzo halikudai jambo hilo.

Mfungo wao wa kawaida ulikuwa mdogo na wa mara kwa mara. Didake inataja Jumatano na Ijumaa, kila wiki, na makanisa ya Kiorthodoksi yanazishika siku hizo mpaka leo. Tertuliano anaonyesha kwamba waumini wengi walifungua saa tisa alasiri. Mfungo wa namna hiyo hata mtumwa mwenye kazi ngumu aliuweza, na ndiyo maana uliweza kuwa wa kanisa zima.

Sasa angalia walichofanya na chakula ambacho hawakukila. Katika kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma karne ya 2, anayefunga anaelekezwa hivi: siku hiyo onja mkate na maji tu; piga hesabu ya gharama ya chakula ambacho ungekula; kiasi hicho mpe mjane, yatima au mhitaji. Aristides, aliyeandika utetezi wa Wakristo katika karne hiyohiyo, anasema wasipokuwa na akiba na miongoni mwao kuna maskini, wao hufunga siku mbili au tatu ili huyo apate chakula. Nao pia walijua mfungo wa siku tatu, lakini mwisho wake kulikuwa na mtu aliyeshiba. Isaya 58 inasema neno hilohilo. Mfungo unaoishia kwa aliyefunga humwacha amejaa nafsi yake, na hapo ndipo magomvi yanapopata nafasi.

Kwa vitendo: chagua siku moja kwanza, Jumatano au Ijumaa, kwa miezi miwili. Kula chakula cha jioni iliyotangulia kama kawaida, bila kujishibisha kupita kiasi. Kunywa maji mchana kutwa. Kama umezoea chai au kahawa nyingi, punguza kuanzia siku mbili kabla, kwa sababu maumivu ya kichwa na hasira za saa tano asubuhi mara nyingi yanatokana na kuiacha ghafla. Muda wa mlo wa mchana uwe wa kusoma na kuwaombea watu uliowaandika. Saa tisa, au jioni kama ratiba yako ndivyo ilivyo, fungua kwa chakula chepesi. Hesabu ya mlo uliouacha ifanye siku hiyohiyo na fedha ziondoke mkononi kabla ya Jumapili. Ukiahirisha mpaka mwisho wa mwezi, hazitatoka.

Waeleze watu wa nyumbani mapema kwamba hutakula mchana, ili wasikupikie bure. Mathayo 6 inakataza kujionyesha; haikatazi kumwambia mkeo. Na mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa zinazohitaji chakula asifunge chakula bila daktari. Huyo aache kitu kingine chenye gharama, na gharama yake aitoe vilevile.

Mhubiri mgeni ametufikia. Anatabiri, watu wanalia, kisha anataka kila mtu apande mbegu ya fedha kwake. Nikihoji naambiwa namhuzunisha Roho. Kanisa la mwanzo lilikuwa na kipimo?

Lilikuwa nacho, na cha wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sura ya 11 ya Didake inashughulika na tatizo hilohilo. Mtume anayepita akae siku moja, ikibidi na ya pili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue chakula cha kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Nabii akisema katika Roho, "Nipeni fedha," au kitu kingine, msimsikilize. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Na kila nabii anayefundisha kweli bila kuitenda ni wa uongo.

Kumbuka kwamba Didake hiyohiyo inakataza kumjaribu nabii wakati anaposema katika Roho. Waliheshimu karama kwelikweli. Walichopima ni mwenendo: amekaa muda gani, amekula nini, ameomba nini na kwa ajili ya nani. Sura ya 13 inaongeza kwamba nabii wa kweli anayetaka kukaa nao anastahili riziki yake, na apewe malimbuko. Kama hawana nabii, malimbuko wapewe maskini. Kwa hiyo kumtunza mtumishi ni haki.

Dada, usibishane katikati ya ibada. Nenda kwa wazee wa kanisa na maswali matatu: fedha zinaingia mikononi mwa nani, nani mwingine anazihesabu, na zitatumika kwa nini. Paulo mwenyewe, alipopeleka mchango mkubwa Yerusalemu, alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili mtu asiwalaumu (2 Wakorintho 8:18–21). Mitume walikubali kuangaliwa hesabu. Anayekataa maswali hayo amekwisha kujibu.

Tuna kikundi cha nyumbani cha watu kumi na wanane. Mmoja anaongea muda wote, wengine wanachelewa, na mwisho tunaishia kwenye habari za watu. Wao walikutana nyumbani pia. Walifanya nini hasa?

Walikuwa na mpangilio. Yustino anaueleza: siku ya Jumapili wote wanakusanyika mahali pamoja, yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kwa kadiri muda unavyoruhusu, msomaji akimaliza, kiongozi anawahimiza wayafuate, wote wanasimama kusali, kisha mkate, divai na maji, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Wenye uwezo wanatoa kwa hiari, na mkusanyiko huo unawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano anaeleza Karthago vivyo hivyo: mchango wa mwezi, kila mtu kwa hiari na uwezo, wa kulisha na kuzika maskini, kuwatunza yatima, watumwa wazee na waliofungwa kwa ajili ya imani. Anasisitiza kwamba hakuna anayelazimishwa.

Kusoma kulichukua nafasi kubwa kwa sababu vitabu viliandikwa kwa mkono, vilikuwa ghali, na wengi hawakujua kusoma. Masikio ndiyo yaliyowalisha. Sisi tuna Biblia mkononi, tunasoma aya mbili na kujadili saa nzima. Geuzeni hapo kwanza: someni sura nzima kwa sauti, mara mbili, wasomaji wawili tofauti. Msemaji mmoja anatawala kikundi pale ambapo maandiko yaliyosomwa ni machache na maoni ndiyo yanayojaza muda.

Jaribuni mpango huu wa dakika 90. Dakika 10 za mwanzo ni za kupatana, kwa sababu Didake sura ya 14 inasema mwenye ugomvi na mwenzake asijumuike mpaka wapatane. Wanaohusika watoke nje wakazungumze, wengine waombe kimya. Dakika 25 kusoma. Dakika 20 kujibu swali moja tu: sura hii inatutaka tutende nini wiki hii? Kila mtu aseme kwa zamu, dakika moja, kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Ni utaratibu wa Paulo katika 1 Wakorintho 14, mmojammoja, na aliyekuwa akisema anyamaze mwingine akipata neno. Dakika 15 za kusali mkiwa mmesimama. Dakika 15 za kula pamoja. Dakika 5 za mwisho ni za kugawana kazi: nani asiyekuwepo leo, nani atakwenda kwake, lini. Andikeni jina na siku.

Hizo dakika 5 msizikate hata mkichelewa. Masengenyo hukua pale ambapo asiyekuwepo anazungumzwa na hakuna aliyetumwa kwake. Akishatumwa mtu, habari zake zinakuwa wajibu wa mtu huyo.

Kuhusu chakula, someni 1 Wakorintho 11 mapema. Korintho wenye nafasi walifika kwanza wakala na kunywa, maskini wakafika wakakuta vyombo vitupu, na Paulo akasema huko si kula chakula cha Bwana. Kwa hiyo anayechelewa kwa sababu ya kazi asubiriwe. Chakula kiwe cha hali ambayo mwenye uwezo mdogo kuliko wote anaweza kukileta zamu yake ikifika, la sivyo ataanza kukosa bila kusema sababu.

Kumi na wanane ni wengi kwa zamu ya dakika moja. Mkifika ishirini, gawanyikeni mapema, wala msisubiri ugomvi uwagawe.

Kijana aliyeokoka miezi minne iliyopita ana kipaji kikubwa. Tumpe kuongoza vijana?

Bado. Paulo anakataza kumweka mwangalizi aliyeongoka karibuni, asije akajivuna (1 Timotheo 3:6). Mapokeo ya Kitume, mwongozo wa kale unaohusishwa na Hippolyto wa Roma, unawaweka wanafunzi wa imani chini ya mafundisho kwa miaka 3 kabla hata ya ubatizo, ingawa unakubali kufupisha kwa mwenye bidii, kwa kuwa kinachoangaliwa ni mwenendo kuliko muda. Na maswali waliyoulizwa wadhamini wao ni haya: je, waliwaheshimu wajane? Waliwatembelea wagonjwa? Walitenda kila jema?

Basi mpeni kazi isiyoonekana, kwa mfano kumhudumia mgonjwa mmoja kila wiki kwa mwaka mmoja, akiwa na mtu mzima wa kumsimamia. Kipaji hakitaoza. Mtu wa kumpandisha jukwaani mapema ndiye anayemdhuru, hata akiwa na nia njema.

Niliikana imani kwa hofu, mbele ya watu. Nimejuta. Wengine kanisani wananiambia yamekwisha, sahau, wengine hawanisalimii. Kuna njia ya kurudi?

Ipo, na wenye shida kama yako walikuwa maelfu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya ushahidi. Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walinunua hati bila kutoa. Mateso yalipopungua walitaka kurudi, na pande mbili zikazuka kama ulivyozikuta wewe. Upande mmoja, baadhi ya waliofungwa kwa ajili ya Kristo waliandika barua za msamaha za jumla, hata za "fulani na watu wake". Upande wa pili, Novatian huko Roma alikataa kabisa warudishwe.

Sipriani, askofu wa Karthago, hakukubali upande wowote. Katika mkutano wa maaskofu wa mwaka 251 kila mtu alitazamwa kwa jambo lake: aliyenunua hati hakuwekwa pamoja na aliyetoa sadaka, wala aliyekimbilia madhabahu pamoja na aliyeteswa mpaka akashindwa. Kulikuwa na muda wa toba, kisha kupokelewa mbele ya kanisa. Baadaye, mateso mapya yalipokaribia, waliokuwa wakidumu katika toba walirudishwa wote, ili wasiingie vitani bila ushirika.

Kwa hiyo mwendee mchungaji wako na useme jambo lenyewe lilivyokuwa, bila kulipunguza na bila kuliongeza. Omba muda maalumu wa toba wenye tarehe ya mwisho. Toba isiyo na mwisho inageuka kuwa adhabu. Katika muda huo usiache ibada, hata kama unaketi nyuma. Kama ulimtaja mtu mwingine akadhurika, mwendee huyo kwanza. Mwishoni upokelewe waziwazi, kwa kuwa ulianguka waziwazi, na hapo wasiokusalimia watakuwa wamesikia kwa masikio yao kwamba kanisa limekupokea. Petro aliyekana mara tatu aliulizwa mara tatu, wenzake wakiwepo (Yohana 21).

Mimi ni mtumishi wa muda mrefu. Sijaanguka dhambini, lakini kila kitu kimekuwa kizito: kusoma, kusali, hata kuwaona washirika. Natamani kuhamia kanisa jingine. Ni nini hiki?

Shikamoo, mtumishi. Evagri wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliieleza hali hiyo kwa undani unaoshangaza. Anasema humjia mtu kuanzia saa nne mpaka saa nane ya mchana. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ya saa hamsini. Mtu anachungulia dirishani, anatoka kutazama kama saa tisa ya chakula imekaribia. Kisha anachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, anaona upendo umekwisha miongoni mwa ndugu, anawaza mahali pengine ambako mambo yangekuwa rahisi, na anakumbuka ndugu zake na maisha ya zamani. Mwisho ni kuondoka.

Tiba yake ya kwanza ni kutoondoka wakati huo. Ya pili ni kujisemesha kwa Zaburi 42: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Ya tatu inatoka kwa Antoni, mmonaki wa Misri aliyemtangulia. Antoni alipochoka hivyo alimwona mtu ameketi anasuka kamba, akainuka kusali, akaketi tena kusuka, akainuka tena. Akaambiwa, fanya hivi utaokoka. Gawa saa zako nzito kwa vipande: dakika 25 za kazi ya mikono yenye matokeo yanayoonekana, dakika 5 za sala ukiwa umesimama, kisha rudia. Usizijaze kwa kusoma peke yake. Kusoma ndiko kunakoshindikana kwanza.

Uamuzi wa kuhama usiufanye ndani ya saa hizo. Uandike, uuangalie asubuhi baada ya kulala vizuri, na umwonyeshe mtumishi mwenzako mzee kuliko wewe. Na kama uzito huo unaendelea kwa wiki mbili au zaidi, mchana na usiku, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula au kuwaza kufa, mwone daktari wiki hiihii, huku ukiendelea na sala zako tatu fupi.